Barafu Kwenye Buti la Yeudy

Milcíades Polanco alikuwa mwoga, na hapakuwa na mtu mtaani Los Salados aliyebisha hilo. Yeye mwenyewe hakubisha. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa kupanda ngazi mpaka awepo mtu wa kuishika chini. Wenzake aliocheza nao dhumna kwenye duka la kona walikuwa wakimwambia, "Milo, angalia nyuma, kuna kivuli kinakufuata!" Naye alicheka nao, halafu, kidogo tu, akageuza shingo kutazama.

Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa fundi mkubwa wa kufunga muziki kwenye magari upande ule wote wa Santiago. Alizaliwa mashambani huko Moca, kwenye migomba, akaja mjini akiwa kijana kuishi kwa mjomba aliyetengeneza redio. Redio zilipoanza kukosa wateja, vijana wa mji walianza kutaka muziki wa kutikisa madirisha ya jirani, na Milcíades akahama kutoka meza ya mjomba akaingia kwenye mabuti ya magari. Hakutoka tena. Huko alikunja mgongo miaka na miaka, akipima, akikata mbao, akibandika zulia kwa gundi kali, akifunga amplifaya mojamoja kama mtu anayelaza watoto.

Woga wake ndio uliomjengea jina. Mafundi wengine walifunga haraka, na magari yao yalitoa moshi kabla mwezi haujaisha. Yeye kila kitu alikifanya mara mbili. Waya mwekundu mnene unaotoka kwenye betri mbele hadi nyuma aliuvalisha mpira kila ulipopita kwenye tundu la bati. Fyuzi aliichomeka mwisho kabisa, baada ya kukagua, na kabla ya kuichomeka alijifanyia ishara ya msalaba. Watu walimcheka, kisha wakamletea magari yao. Walitoka mpaka La Vega na Puerto Plata. Jumapili, kule kando ya mto, magari yalipopangwa na mabuti kufunguliwa na muziki wa bachata kupanda mpaka ikamgonga mtu kifuani, mwenye sikio alijua lipi limepita mikononi mwa Milo.

Alikuwa na sharti moja tu. Gari la gesi hakuligusa. Na magari ya gesi ni mengi mjini, maana bei ya petroli inamaliza watu, hivyo wenye magari hubadilisha injini ili inywe gesi ileile ya jikoni na mtungi wake hukaa nyuma kwenye buti, palepale amplifaya inapotaka kukaa. Ujanani, kwenye barabara ya Navarrete, aliwahi kuona gari la namna hiyo likiwaka. Hakusimulia aliyoyaona. Alisema tu, "Toa mtungi kwanza, ndipo tuongee."

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakumwambia mtu. Masikio yalikuwa yanamwacha. Besi aliisikia vizuri, kwa mwili mzima. Zilizoondoka ni zile sauti nyembamba: mbu, ndege, birika linapoanza kuimba. Siku moja alisimama kando ya karai la mkewe Eridania, akadhani mafuta hayajapata moto kwa sababu hakusikia yakichachatika, akatumbukiza kipande cha salami kwa vidole, mafuta yakamrukia mpaka kwenye kiwiko. Alimwambia mkewe ameteleza.

Fundi wa muziki asiyesikia! Nani angemletea gari? Kuanzia hapo alijifunza kuweka kiganja juu ya kifuniko cha buti na kusikiliza kwa ngozi, na kuusoma uso wa mteja. Mteja akitabasamu, naye alitabasamu. Mteja akikunja uso, alisema, "Na mimi nimeisikia hiyo, ngoja niirekebishe." Kila usiku alilala na hofu hiyo, na ilimtisha kuliko mbwa wote wa mtaa.

Basi, asubuhi moja ya Agosti, jua limeshaanza kuchoma na umeme umekatika mtaa mzima, kinyozi mmoja kijana aitwaye Yeudy aliingiza gari lake jeupe kwenye karakana ya Milcíades. Karakana yenyewe ilikuwa paa la bati juu ya nguzo, na sakafu ya saruji iliyoteremka kuelekea langoni. Pale langoni, chini ya mteremko, Eridania alikuwa na jiko lake, akikaanga yanikeke, ile mikate bapa ambayo watu wa asubuhi huitafuna wakiwa wamesimama. Ng'ambo ya barabara, Fermín mchomelea madirisha ya vyuma alikuwa ameketi juu ya ndoo, akingoja umeme urudi.

Nyuma ya gari alikaa bibi yake Yeudy, Bibi Ovidia, mama mnene mwenye magoti yaliyovimba, mkononi ana kipepeo cha karatasi cha kanisani cha kujipepea. Alikuwa apelekwe kliniki baadaye.

"Fundi, kesho kuna mashindano mtoni," Yeudy alisema akishusha amplifaya mbili na boksi la spika lililotaka kumzidi nguvu. "Leo lazima gari lilie."

Milcíades alizunguka nyuma, akachungulia. Sakafu ya buti ilikuwa imefunikwa kwa ubao uliopigwa misumari pande zote.

"Gesi?"

"Ilishatolewa, fundi. Tangu mwaka jana. Haki ya mama yangu."

"Na chini ya ubao huu?"

"Tairi la akiba. Nimelijengea lisigongegonge. Au unataka nibomoe kazi yangu nikuoneshe tairi?" Kijana akacheka. "Wameniambia wewe ni mwoga, lakini sikujua unaogopa hadi matairi."

Kila kitu ndani ya Milcíades kilimwambia achukue msumeno au nyundo, afungue ubao ule. Lakini Fermín kule ng'ambo alikuwa akicheka pia, na mteja mmoja wa yanikeke alikuwa akicheka, na mtu huchoka kuchekwa. Siku hiyo aliona aibu kuwa yeye. Akauacha ubao.

"Mshushe bibi akae kivulini," alisema.

"Unishushe halafu unipandishe kwa winchi?" Bibi Ovidia alijibu kutoka ndani. "Niache hapahapa. Fungueni milango tu, nipate hewa."

Wakafungua milango yote minne. Milcíades akaingia kazini. Waya mwekundu akaupitisha, akauacha mwisho wake nyuma ukiwa umefungwa utepe, fyuzi akaiweka juu ya betri bila kuichomeka, kama ada yake. Akabandika zulia juu ya ubao, na harufu ya gundi ikajaa buti ikampanda puani mpaka machozi yakamlenga. Boksi la spika likakaa. Amplifaya ya kwanza ikakaa. Yeudy, kwa kuchoka kungoja, akaenda duka la kona kununua malta, kinywaji cha chupa, baridi.

Amplifaya ya pili alitaka kuifunga upande wa kulia, karibu na ukuta wa buti. Akatoboa kwa drili ya betri, akaanza kukaza skrubu. Tatu zikaingia vizuri. Ya nne ilikaza, ikalegea ghafla kama imekanyaga hewa, kisha ikakaza tena. Mkono wake ukasita. Akaangalia. Ilikuwa imekaa wima na safi. Akaenda kutafuta koleo kwenye meza.

"We kijana," Bibi Ovidia aliita aliporudi. Kati ya kiti chake na buti palikuwa na tundu la spika, na sauti yake ilipitia hapo. "Huku nyuma kuna nyoka."

"Nyoka gani, bibi?"

"Anapuliza. Hivi, ssss. Humsikii?"

Milcíades aliinama, akatega sikio. Hakusikia kitu. Jasho jembamba lilimtoka shingoni, na halikuwa la gesi, maana gesi hakuifikiria. Lilikuwa la siri yake. Alijua tu kwamba kuna sauti nyembamba inayosikiwa na mwanamke wa miaka themanini na yeye haisikii, na kwamba akiuliza sana, bibi huyu atamwambia mjukuu wake, na mjukuu ni kinyozi, na kwa kinyozi hakuna siri inayolala.

"Aa, hiyo nimeisikia," akasema. "Ni mafuta ya mke wangu, anakaanga."

"Mafuta yako mbele. Huyu yuko mgongoni kwangu."

"Ni mwangwi, bibi. Bati hili linarudisha sauti."

"Haya," bibi akasema, bila kuridhika, akaendelea kujipepea.

Milcíades akabandua utepe kwenye ncha ya waya mwekundu. Ili kujishikiza, akaweka kiganja cha kushoto juu ya sakafu ya buti, karibu na ile skrubu ya nne.

Palikuwa pa baridi.

Alidhani anakosea. Bati la juu lilikuwa likiunguza, hewa ya ndani ya buti ilikuwa kama ya tanuri, na kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya kitu baridi kama kifuniko cha jokofu. Akainamisha uso. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimegeuka kuwa cheupe. Kimeota manyoya ya barafu, madogo, yanayometa, mwezi wa Agosti, Santiago. Na pembeni yake, kutoka kwenye zulia, ukungu mwembamba ulikuwa unatambaa kuelekea chini, ukipotea kwenye upenyo wa bati.

Mtungi ulikuwapo. Ulikuwa chini ya ubao, umelala kwenye shimo la tairi, na yeye alikuwa amekaza skrubu ikatoboa bomba lake. Gesi ilikuwa inatoka chini yake muda wote huu, na gesi hiyo ni nzito, haipandi, hutiririka chini kama maji. Na chini ya mteremko palikuwa na mke wake na jiko linalowaka.

"Fundi!" Sauti ya Yeudy, aliyekwisha kurudi dukani, ilitoka mbele ya gari, ya furaha. "Fyuzi nimekuchomekea tayari, nimekusaidia! We unganisha tu, mimi nawasha!"

Milcíades alitazama mkono wake wa kulia. Waya aliokuwa ameushika, wenye ncha wazi, ulikuwa na umeme wa betri nzima. Ungegusa bati mara moja tu, ungetoa cheche ya kumulika karakana.

Kwanza aliuvuta waya nje ya buti, polepole, ameunyoosha mbali na bati kama mtu aliyeshika nyoka kichwani. Akaokota utepe, akauzungusha, ukamwangukia, akauokota, akauzungusha tena. Ndipo alipopiga kelele.

"Usiwashe! Yeudy! Toa mkono kwenye ufunguo!"

"Kwani vipi?"

"Gesi! Mtungi wako unavuja!"

Uso wa kijana ulitokea pembeni ya boneti. Ungeweza kuona uongo ukimrudia. Chupa ya malta ikamponyoka ikapasuka kwenye saruji, na Yeudy akageuka, mguu niponye, akapita langoni, akaruka mfereji, akapotea kwenye kona. Afadhali alikimbia na ufunguo mkononi.

"Eri!" Milcíades alipiga yowe. "Zima jiko!"

Eridania aliinua kichwa. "Umeanza tena, Milo? Nina watu wanangoja."

"Zima jiko! Eri, nakuomba!"

Mkewe alikuwa amemwona akiogopa mara nyingi kiasi kwamba woga wake haukumshtua tena. Lakini uso alioona sasa haukuwa wa mtu aliyeona mbwa. Hakuuliza. Aligeuza kitasa cha jiko, moto ukazimika, akawasukuma wateja wake barabarani kwa mikono miwili yenye unga.

"Swichi kuu!" Milcíades aliendelea. "Ishushe, umeme usije ukaturudia! Na Fermín, mwambie asiguse mashine yake!"

Akiyasema hayo, miguu yake ilikuwa imeshaondoka. Hilo lazima lisemwe kama lilivyokuwa. Alikimbia. Alikimbia mpaka langoni, akashika nguzo, na barabara ilikuwa pale mbele yake, pana. Ndipo akageuka. Kupitia mlango wazi wa gari alimwona Bibi Ovidia, ameketi vilevile, akijipepea.

"Mbona mnakimbia wote?" bibi aliuliza. "Ni yule nyoka?"

Milcíades alirudi. Baadaye watu walitaka kusema alipiga moyo konde, kwamba ushujaa ulimwingia, na yeye alikataa kila mara. Alisema hofu haikupungua hata chembe. Zilikuwa tu hofu mbili, na ile ya kusimama langoni akimtazama bibi yule ilizidi kidogo.

Akamshika makwapani. "Bibi, twende. Twende upesi."

"Wee! Goti! Utanivunja, mtoto wa watu!"

Alivuta. Yeye alikuwa mwembamba kama mpini na bibi alikuwa mzito, na mguu mmoja ulikuwa umebanwa chini ya kiti cha mbele. Bibi akalia kwa maumivu, akampiga kwa kipepeo. Akavuta tena, hakwenda popote. Harufu ya gesi sasa ilikuwa imeshinda hata gundi, harufu ya yai bovu, inayokaa nyuma ya ulimi.

Akamwachia. "Basi tulia, usiguse kitu. Usifunge mlango. Nitamfunga huyo nyoka."

Akarudi kwenye buti. Akapanda kwa magoti, nusu ya mwili ndani. Drili hakuigusa, ile skrubu hakuing'oa, maana alijua ikitoka, tundu litakuwa wazi. Alijua kwamba mtungi wowote lazima uwe na kitasa cha kufungia gesi, na kwamba aliyejenga ubao huu lazima alijiachia pa kukifikia. Akaanza kulipapasa zulia alilolibandika mwenyewe asubuhi ile, akasikia kwa vidole mstari wa mraba pembeni ya boksi la spika, akatia kucha, akalirarua. Gundi yake ilikuwa nzuri. Kucha mbili zilitoka. Chini ya zulia palikuwa na kifuniko kidogo cha ubao, na chini yake giza na hewa ya baridi iliyompiga usoni.

Akaingiza mkono. Akagusa chuma cha duara, bomba, kisha kitasa. Kilikuwa kimeganda. Ngozi ya kiganja ikanata.

Akageuza. Kitasa hakikwenda. Akageuza kwa mikono yote miwili, bega likisukuma boksi la spika, na kikasogea, kidogo sana.

Ndipo alipoelewa kwamba hawezi kujua. Angeweza kukifunga nusu na kudhani amemaliza. Gesi ilikuwa ikilia pale chini ya pua yake, kila mtu mwenye masikio angeisikia, na kwake kulikuwa na kimya kitupu. Alipumua hewa ile mbaya, akasema kwa sauti kubwa kupitia lile tundu la spika:

"Bibi! Mimi sisikii. Unanielewa? Masikio yangu ni mabovu. Niambie, nyoka bado anapuliza?"

"Anapuliza."

Akageuza. "Sasa?"

"Bado. Ila kama amechoka."

Akageuza tena, mkono ukimuuma mpaka machozi. "Sasa, bibi?"

Wakati huohuo mtaa mzima ulilipuka kwa shangwe. "Umeme umerudi! Umerudi!" Watoto walipiga kelele, redio za nyumba kumi zikaanza kwa pamoja, kila moja na wimbo wake, na mahali fulani mtu alikuwa akigonga sufuria kwa furaha. Milcíades alifumba macho. Aliingoja sauti ambayo hata kiziwi huisikia. Alifikiria mashine ya Fermín, alifikiria feni yake ya karakana, chaja ya betri iliyokuwa mezani na klipu zake zikigusana, vyote vimeachwa vimewashwa tangu umeme ulipokatika. Alikuwa amejikojolea, na hakujua tangu lini.

Feni haikuzunguka. Chaja haikuwaka. Eridania alikuwa amesimama kwenye kiti ukutani, ameushikilia mkono wa swichi kuu chini kwa nguvu zote, ingawa haukuhitaji kushikiliwa, na ng'ambo ya barabara Fermín alikuwa ameinua mikono miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Bibi!" Milcíades alilia. "Sasa je?"

"Ngoja, mijitu hii inapiga kelele." Bibi aliegemeza sikio kwenye mgongo wa kiti. "Ameacha."

"Una hakika?"

"Mimi nina magoti mabovu, kijana. Masikio ni mazima. Ameacha, kimya kabisa."

Akakigeuza kitasa mara nyingine, na nyingine, mpaka kikagoma kabisa. Kisha akatoka kwenye buti kinyumenyume, akakaa chini kwenye saruji. Alipoinua macho, mkewe alikuwa amesimama juu yake. Alikuwa amesikia yote.

Hawakuliwasha gari wala kulisogeza. Wanaume wanne wa mtaa walimtoa Bibi Ovidia garini, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumbeba mpaka kivulini kwa jirani, naye aliwapa maelekezo njia nzima. Betri ikafunguliwa baada ya upepo kupita kwa saa kadhaa. Zimamoto walikuja, wakapima, wakafoka, wakaondoka na mtungi.

Yeudy alirudi alasiri, ameinamisha kichwa. Bibi yake alimwita kwa kidole. Alipofika karibu alimpiga kibao, halafu akamshika kichwa akakilaza kifuani kwake, halafu akampiga kingine.

"Ulichukua ufunguo," alimwambia. "Bibi ukamwacha, ufunguo ukachukua."

"Nilijua fundi angekataa gari," kijana alisema akilia. "Nilidhani bomba liko mbali na pale."

Milcíades alikuwa amekaa ukutani, amejifunika shuka la kitanda katika joto lile, meno yakimgongana. Kiganja kilikuwa kimetoka malengelenge. Mara mbili alikwenda nyuma kutapika.

Jioni Eridania alimfunga mkono kwa kitambaa safi. Akaja upande wa uso wake, ili amwone midomo.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Muda gani, Milo?"

"Tangu kabla ya yale mafuta."

Mkewe aliendelea kufunga kitambaa. "Nilidhani umenichoka," akasema. "Naongea nawe jikoni, hujibu. Nikasema basi, mwanamume amenichoka, tuishi hivyohivyo."

Hapo ndipo Milcíades alipolia. Hakuweza kueleza kwamba kitu hicho, kati ya vyote alivyoogopa, hakikuwahi kumpitia akilini.

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Alisikia harufu ya gesi kanisani, kwenye basi, kwenye mto wake wa kulalia. Aliamka kukagua jiko, akarudi kulala, akaamka tena. Karakana aliifunga. Wateja walipita, wakaona mnyororo, wakaenda kwa mafundi wengine, na habari ya masikio ilizunguka mji kama alivyotarajia. Lililomshangaza ni kwamba watu hawakucheka sana. Walipomwona dukani walisema neno moja mawili, wakampisha mahali pa kukaa, upande ambao angeweza kuona nyuso zao. Hilo nalo lilimkera.

Daktari alimpima, akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimletea dunia yote kwa mara moja, kali na ya bati, na alikitoa mara nyingi kuliko alivyokivaa.

Oktoba, mvua zilipoanza, mwalimu mmoja wa kike aitwaye Nereyda alisimamisha gari mbele ya mnyororo akapiga honi. Alitaka amplifaya moja, ndogo, na spika mbili, kwa safari za kwenda kwa mama yake Montecristi. Milcíades alimwambia mlangoni, bila kumkaribisha:

"Mwalimu, mimi sisikii vizuri, na ni mwoga. Nitabomoa kila kitu kwenye buti lako kabla sijatoboa. Nitalala chini ya gari. Utangoja sana. Kama una haraka, kuna mafundi wengi."

"Nimekuja na madaftari ya kusahihisha," mwalimu alijibu, akashuka.

Akabomoa. Alitoa zulia, akatoa tairi, akapapasa bati kwa vidole kila pembe. Akalala chali chini ya gari kwenye maji ya mvua, akamulika kwa tochi, akaweka alama kwa chaki. Akatoka, akakagua juu, akarudi chini kukagua tena. Kisha akamwita mkewe.

Eridania alikuja akijifuta mikono, akakaa kwenye kiti cha nyuma, akaegemeza sikio. "Haya," akasema.

Milcíades alichukua drili. Aliishika kwa mikono miwili. Jasho lilimwingia machoni. Aliweka ncha kwenye alama, akaiondoa, akaiweka. Mwalimu kule pembeni alikuwa ameacha kusahihisha.

Akatoboa.

"Kuna kitu?" akauliza.

"Hakuna," mkewe alisema.

"Sikiliza tena."

"Nasikiliza, Milo. Hakuna kitu."

Milcíades akapuliza vumbi la chuma, akaweka alama ya tundu la pili.